Zamu isiyofika Pangani

Saa nane usiku, mwezi wa Februari, chini kidogo ya Machame, Kilimanjaro, kuna mtu amekaa na tochi na jembe kando ya mfongo, mfereji wa kumwagilia wa Wachagga. Hayaangalii maji, anayasikiliza. Ameyazoea kiasi kwamba sauti ikilegea tu anajua huko juu kuna mtu amebandua gome la mgomba na konzi mbili za udongo, na nusu ya zamu yake sasa inaelekea kwenye mahindi ya mwingine. Atanyanyuka na kupanda kufuata mfereji. Atakayemkuta ni mtu anayemjua: shemeji, mtoto wa baba mkubwa, pengine mzee wa kanisa anayempa mkono kila Jumapili. Watagombana kwa kunong'ona wasije wakaamsha kijiji, na siku ya kikao cha mfongo mmoja wao atatozwa faini. Zamani faini ilikuwa mbege. Siku hizi ni fedha, na wapo wanaoona mbege ilipatanisha vizuri zaidi, kwa kuwa aliyekosa aliinywa pamoja na aliyemkosea.

Mwisho wa maji hayohayo, pwani, mwenye minazi kando ya mto Pangani hana wa kumfuata usiku. Mto ukimpungukia hawezi kuupanda na tochi. Ni safari ya kuvuka mikoa. Hamjui aliyefungua, na aliyefungua hajui kama yeye yupo duniani.

Siku hizi wote wawili wanaitwa wadau. Neno hilo limechakaa mapema. Kijiweni mdau ni rafiki yeyote wa kupiga naye soga, na serikalini ni yeyote aliyepata barua ya mwaliko. Nimekaa kwenye mikutano ya wadau mingi kiasi cha kuweza kuisimulia nikiwa nimefumba macho: bango limefungwa ukutani, mgeni rasmi amechelewa, grafu zinaoneshwa ukutani na hazisomeki ukiwa safu ya tatu, chai na sambusa, chupa ya maji mbele ya kila mshiriki, kazi za vikundi, karatasi kubwa na kalamu nene, maazimio, posho. Sina ugomvi na posho. Mkulima aliyeacha shamba siku nzima anastahili nauli na chakula chake. Ninachogombana nacho ni kwamba kesho yake mto unagawanywa na walewale, kwa namna ileile, na maazimio yamebaki kwenye flashi ya mwandishi wa kikao.

Mto Pangani unazaliwa mara mbili. Magharibi, Kikuletwa inakusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, Weruweru na Kikafu zikiwamo. Mashariki, Ruvu inaleta maji ya Himo na ya Ziwa Jipe. (Ruvu hii siyo ile inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. Tuna mito mingi kuliko majina.) Mito hiyo miwili inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachotoka bwawani ndicho kinachoitwa Pangani. Kinateremka kikiiacha milima ya Upare na Usambara mkono wa kushoto, kinapokea Mkomazi na Luengera, kinapita Korogwe kwenye mikonge, kinaporomoka Hale, kisha kinaingia Bahari ya Hindi kati ya mji mkongwe wa Pangani na Bweni. Ni kilomita zipatazo 500. Bonde zima lina ukubwa wa kilomita za mraba 43,650 hivi, limegusa mikoa minne, Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Tanga, na kipande chake, kama asilimia tano, kiko Kenya.

Katika bonde hilo, mifongo ndiyo taasisi ya maji yenye umri mkubwa kuliko zote. Wazungu wa kwanza waliofika Uchaggani katikati ya karne ya 19 waliikuta inatiririka. Wachimbaji wake hawakuwa na pima-maji ya kioo. Walikwenda na mteremko kwa jicho, wakayatoa maji kwenye makorongo marefu, wakayavusha mabondeni kwa magogo yaliyokombwa, wakayafikisha kwenye kihamba, shamba la nyumbani, chini ya migomba. Mfongo ulikuwa na mwenyewe, yaani ukoo wa aliyeuchimba, na ukoo huo ulikuwa na neno la mwisho juu ya zamu. Siku ya kuusafisha, kila anayemwagilia alifika na jembe. Asiyefika alilipa au maji yalimpita.

Upareni walikwenda hatua moja mbele. Walijenga ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe linalopokea maji ya mfereji usiku kucha, kisha asubuhi linafunguliwa na watu wanamwagilia mchana. Ndiva moja inaondoa ugomvi mwingi wa saa nane usiku. Wataalamu wengi wa umwagiliaji wangeweza kuanzia hapo badala ya kuanzia kwenye saruji.

Hata hivyo nisije nikaonekana napamba ya kale. Kikao cha mfongo kilikuwa cha wanaume. Mama aliyelima, aliyepalilia, aliyebeba ndoo, alipata habari za zamu nyumbani kutoka kwa mume, na kama hakuna mume alimtegemea shemeji. Zamu ya usiku kwa mjane ni jambo lingine kabisa na zamu ya usiku kwa kijana mwenye panga. Familia iliyohamia baadaye, isiyo na damu ya mchimbaji, ilikaa mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni wakati wa kiangazi maana yake ni mfereji mkavu. Anayesema turudi kwenye mila aseme kwanza anarudi akiwa nani.

Halafu ikaja serikali na fomu. Mwaka 1974 Sheria ya Matumizi ya Maji namba 42 iliyafanya maji yote ya Tanzania Bara kuwa ya Jamhuri. Anayetaka kuyachepusha aombe, aandikiwe, alipie. Mwaka 1991 Pangani likawa bonde la kwanza, kati ya mabonde tisa ya nchi, kupata bodi yake ya maji. Maofisa wakapanda mlimani. Wakamkuta mzee ambaye babu yake alichimba mfongo kabla ya Mjerumani kuja, wakamwambia aombe ruhusa. Kwa mzee yule maji ni ya Mungu, mfereji ni wa ukoo, na serikali haikushika jembe siku hata moja. Mingi ya mifereji ya bonde hili, ambayo idadi yake inahesabiwa kwa maelfu, ilikaa miaka na miaka bila karatasi.

Ada ndiyo iliyopigiwa kelele. Mimi naona tatizo kubwa lilikuwa kwenye hesabu. Kibali kinaandikwa kwa lita kwa sekunde. Tuseme vijiji vinne kwenye mto mmoja vimepewa lita 50 kila kimoja. Mwezi wa Mei mto una lita 600. Wanachukua 200, lita 400 zinateremka, hakuna kelele. Februari mto huohuo una lita 110. Kijiji cha kwanza kina karatasi halali, kinachukua 50. Cha pili kina karatasi halali, kinachukua 50. Cha tatu kinapata 10 na karatasi halali. Cha nne kina karatasi.

Zamu haihesabu hivyo. Zamu inagawa muda. Mwenye saa sita zake, maji yakiwa mengi, anapata mengi. Yakiwa haba, anapata haba, na jirani yake naye vivyo hivyo. Wanashiba pamoja na wanapungukiwa pamoja. Mgawo wa namna hiyo hauhitaji mtu aje kutoka Moshi mjini kutangaza kwamba ukame umeingia, kwa kuwa ukame unajitangaza wenyewe ndani ya mfereji. Vibali vina masharti yanayoruhusu kupunguza maji wakati wa kiangazi, hilo ni kweli, ila masharti hayana mkono wa kushusha lango saa nane usiku. Sasa tazama hali ya hewa tunayoambiwa tujiandae nayo: mvua kubwa kwa siku chache, kiangazi kirefu kwa miezi mingi, msimu usiofanana na uliopita. Katika hali kama hiyo namba isiyobadilika ndiyo karatasi mbovu kuliko zote unazoweza kumpa mtu.

Banio la zege, kizuizi kinachochepusha maji ya mto, limeongeza chumvi kwenye kidonda. Banio la zamani lilikuwa mawe, matete, majani na tope. Lilivuja. Kila mvua kubwa lilisombwa na wenyewe wakalijenga upya, kazi ya kuchosha, na ndiyo maana mradi wowote unaoleta saruji hupokewa kwa vigelegele. Mhandisi akitazama kile kilichovuja anaandika upotevu wa maji. Wa kijiji cha chini yeye hakuwa na jina la kitaalamu; aliyanywa tu. Banio la zege halivuji, na lina lango la chuma. Mwezi wa mvua linachukua kadiri lilivyopimwa. Mwezi wa kiangazi linaweza kuuchukua mto wote, kwa ufanisi mkubwa, na jengo likazinduliwa kwa kukata utepe.

Hadithi ya skimu ya Moshi Chini inafaa kusimuliwa kila mara mtu anapoleta ramani ya mradi. Ilijengwa kwa mkopo wa Japani ikakamilika mwaka 1987, kwenye tambarare za kusini mwa mji wa Moshi, huko Mabogini na Chekereni. Hekta 2,300 zilipangwa, kiasi cha nusu yake zikiwa za mpunga, kwa maji ya mito Njoro na Rau. Mpunga ulikubali. Ulikubali mno. Majirani wa juu, waliokuwa nje ya ramani, wakaona mavuno, wakapata mbegu, wakajifunza kupandikiza, wakafungua mifereji yao kwenye mto uleule, juu ya banio la skimu. Eneo la mpunga ndani ya skimu likaanza kusinyaa kwa kukosa maji, huku mpunga ukizidi kutanda nje yake. Huwezi kumlaumu aliyeiga. Alifanya kile ambacho mabwana shamba wamehubiri tangu enzi. Ila hakuna aliyekaa naye mwanzo kumuuliza atafanya nini mambo yakimnyookea jirani yake. Hakuwa mdau, alikuwa nje ya mstari uliochorwa kwenye karatasi.

Theluji nimeiacha makusudi mpaka hapa, maana ukitaja maji ya Kilimanjaro kila mtu anainua macho kileleni. Barafu ile imepungua kweli. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi, na mwaka 2011 hazikubaki hata mbili. Inauma kuiona ikiondoka, na watalii wataikosa, lakini mito yetu haikuwa ikiitegemea kama picha zinavyotudanganya. Maji yanayotokana na barafu kuyeyuka ni sehemu ndogo sana ya yanayoteremka. Chemchemi zinalishwa na mvua iliyoanguka kwenye mkanda wa msitu na kuzama ardhini, na pia na ukungu: miti ya juu, yenye kuvu na ndevu za wazee, huchuja mawingu yakadondoka tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Msitu huo wa juu ndio unaoliwa na moto. Hewa ikikauka na joto likipanda, moto mdogo wa mrina asali au wa kupikia unageuka kuwa moto wa wiki nzima. Oktoba 2020 taifa zima liliutazama mlima ukiwaka. Oktoba 2022 ukawaka tena.

Kwa hiyo anayeulinda msitu ni mdau wa maji kuliko anayepiga picha barafu. Na hapo pana donda la zamani. Chini ya msitu wa hifadhi kuna ukanda ambao wenyeji wanauita Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao bila kuingia ndani zaidi. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa mhifadhi mstari mmoja ulihama kwenye ramani. Kwa mama wa Kibosho au Marangu, ilikuwa ni kuulizwa na mwenye bunduki anakwenda wapi na mundu wake, mahali alipokatia majani tangu akiwa binti. Sisemi msitu ufunguliwe kwa misumeno. Nasema moto ukiwaka Oktoba, wa kwanza kuuona moshi ni huyo mama, na namna tulivyomtendea Machi itaamua kama atapiga yowe au ataingia jikoni kwake afunge mlango.

Tushuke. Kikuletwa inapoondoka mlimani inakuwa imeshagawanywa kwa mifongo, kwa mashamba makubwa ya maua na mboga upande wa Arusha, kwa mabomba ya miji miwili inayokua kwa kasi, na kwa miwa ya Arusha Chini iliyoanza kulimwa miaka ya 1930. Kinachobaki kinaingia Nyumba ya Mungu.

Bwawa hilo lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 ili kuutuliza mto, upate kuzungusha mitambo mwaka mzima. Ni pana, lakini halina kina kirefu, na lipo kwenye nchi ya joto na upepo, kwa hiyo jua linakunywa sehemu nzuri ya kinachoingia bila kuomba kibali. Kila nyuzi ya joto inayoongezeka inaliongezea jua hilo mgawo. Kandokando yake wako wavuvi wa Mwanga na Moshi waliofuata perege miaka ya mwanzo, samaki walipokuwa wengi ajabu, na wako wafugaji wa Simanjiro wanaoleta ng'ombe kunywa. Mavuno ya mwanzo hayakurudi tena. Bwawa limewahi hata kufungwa kwa wavuvi ili samaki wapumue. Chini ya ukuta, mbuga ya majimaji ya Kirua iliyokuwa ikifurika kila masika, ikizaa kambale na majani ya mifugo, ilisinyaa baada ya mafuriko kuzuiwa. Watu wa Kirua hawakukata mti wala kufungua mfereji. Ziwa lao la msimu liliondolewa kwa uamuzi uliopitishwa mbali, na enzi hizo neno mdau lilikuwa halijazaliwa.

Ziwa Jipe nalitaja kwa kupita, ingawa lingestahili makala yake. Nusu yetu, nusu ya Kenya. Maji yake mengi huja kwa mto Lumi kutoka upande wa Taveta, pamoja na tope lote la mashamba ya juu, na matete yameziba kingo kiasi kwamba wavuvi wa pande zote mbili hulazimika kufyeka njia kufikia maji. Mvuvi wa Mwanga na mvuvi wa Taveta wanajuana kwa majina na wanauziana samaki. Wizara zao hujuana kwa barua.

Sasa kuna jambo la umeme, na hapa hesabu imegeuka bila watu wengi kugundua. Mitambo mitatu inategemea mto huu: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, na Pangani Mpya 68. Jumla ni 97. Kwa miaka mingi, kila mkulima wa mlimani alipodai maji alijibiwa kwamba nchi inahitaji umeme, na mazungumzo yakaishia hapo. Leo Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Mbele ya namba hiyo, 97 haina sauti ya kumnyamazisha mtu. Watu wa juu watafurahi, na wana haki ya kufurahi.

Lakini angalia mitambo ya Hale na Pangani Mpya ilipo. Iko chini kabisa, karibu na bahari. Maji yaliyozungusha mtambo hayapotei, yanarudi mtoni na kuendelea. Maana yake ni kwamba, kwa miaka yote hii, shirika la umeme likipigania megawati zake lilikuwa, bila kujua, likimpigania mwenye minazi wa Pangani. Kila ndoo iliyoteremshwa kwa ajili ya mtambo ilimfikia na yeye. Siku umeme wa Pangani utakapokoma kuwa hoja nzito, mto utabaki na wakulima wa juu wenye vyama, miji yenye mabomba, mashamba makubwa yenye wanasheria, na huku chini watu ambao wakili wao ameondoka barazani bila kuaga.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji namba 11 ya mwaka 2009 imejaribu kuziba pengo hilo. Inaweka kwanza maji ya kunywa na matumizi ya nyumbani, kisha maji ya mazingira, yaani kiasi cha kubaki mtoni ili mto uendelee kuwa mto, na shughuli nyingine zote zinafuata nyuma. Inatambua jumuiya za watumia maji na kamati za vidakio, yaani za sehemu za bonde, chini ya bodi ya bonde. Ni sheria nzuri kuisoma. Na jumuiya zilipopata muda zimefanya kazi. Kule Hai, kwenye kijito cha Kiladeda, wakulima wa juu na wa chini waliwahi kukaa pamoja kupangiana zamu badala ya kuvunjiana mabanio. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya semina ya siku mbili. Jumuiya nyingi hukoma pale mradi unapofunga mkoba: mwenyekiti hana nauli, daftari la zamu linajaa, mita ya kupimia kina cha mto inang'olewa na mafuriko na hakuna wa kuirudisha.

Zaidi ya hapo, jumuiya inajumuisha wanaoonana. Kijito kimoja, mabanio saba, watu wanaojuana hadi mashemeji. Kamati ya kidakio inapanda ngazi moja. Kadiri unavyopanda ngazi, ndivyo viti vinavyokaliwa na watu wenye ofisi: halmashauri, mamlaka ya maji, kampuni, wizara. Mfugaji wa Simanjiro anawakilishwa na mtu anayekwenda kumweleza baadaye. Ninachokidai ni kidogo. Kwenye kila banio lenye kibali, kando ya lita kwa sekunde, liandikwe fungu: mto ukifika alama hii, wote tunachukua nusu, ukifika hii, wote tunakwenda kwa zamu ya siku. Alama ichorwe kwenye nguzo ndani ya mto, kwa rangi nyekundu, aione hata mtoto anayepeleka mbuzi, ili lango lisiposhushwa kijiji cha chini kijue siku hiyohiyo. Zamu ya mjane iwe ya mchana. Na kiti kimoja kwenye kamati za juu apewe mtu wa mdomoni kabisa, anayekaa mahali mto unapokoma.

Pale mdomoni, Pangani, watu hawahesabu mto kwa lita. Wanauhesabu kwa mwezi angani. Wakati wa bamvua bahari inajaa sana na kusukuma maji yake mtoni, na kinachoizuia isipande mbali ni uzito wa maji baridi yanayoteremka. Mto ukiwa dhaifu, chumvi inapanda kilomita nyingi ndani ya nchi, inaingia kwenye mashamba ya mpunga ya kingoni, inanyonywa na minazi. Upande wa pili bahari yenyewe inapanda. Mbele ya pwani hiyo kuna Maziwe, kisiwa kilichokuwa na mivinje na ambacho kasa walikipenda kutagia mayai. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu. Wako wanaolaumu kina cha bahari na wako wanaolaumu shoka lililokata mivinje, na nadhani kila upande una haki yake. Hata hivyo mtu wa Pangani amebanwa kati ya bahari inayosogea na mto unaochelewa, na vyote viwili vimeamuliwa mahali asipofika.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa waandaaji wa mkutano ujao wa wadau. Usifanyike Moshi wala Arusha. Ufanyike Pangani, mwezi wa Februari, siku za bamvua. Waalikwe wenye mifongo wa Machame na wa Marangu, wakulima wa Mabogini, wa maua, wa miwa, wavuvi wa Nyumba ya Mungu, Wamasai wa Simanjiro, Wapare na ndiva zao, mtu wa Taveta, na mwanamke angalau mmoja kwa kila mwanaume. Wavuke kwenda Bweni, wapande ngalawa, wakwee mto mpaka mahali minazi inapoanza kukauka vichwa. Posho walipwe kama kawaida. Chupa za maji zisiletwe. Chai ipikwe kwa maji ya mto yatakayochotwa pale pale mbele yao, saa bahari imejaa, na mgeni rasmi atiliwe kikombe cha kwanza.